Magunia ya Namba 27

Asunción, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Naomba baraka zako, na mikono nimeikutanisha kifuani hata kama hunioni. Macho yanaendeleaje? Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, maana mizigo ya bandarini haina huruma. Chakula napata, ingawa muhogo wa huku una nyuzi, haufikii wako hata kidogo.

Barua yako niliipata Jumamosi. Nikautambua mwandiko wa Bi Saturnina, nikamwombea heri kwa kuwa bado anakuandikia na kukusomea, hata safari hii alipolazimika kuandika aibu ya mumewe mwenyewe. Kwamba kontena la ufuta wa ushirika limerudishwa kutoka Japani kwa sababu ya dawa ya wadudu. Kwamba sampuli yenye sumu ilikuwa na namba 27, namba ya uanachama ya mumewe huyo, Mzee Eulogio. Kwamba Jumapili hii inayokuja wanachama wanakutana kumfukuza, na asiye mwanachama hana wa kumuuzia ufuta.

Yaliyonichoma zaidi ni yale madogo. Ulisema pembe ya tereré ikizunguka kijiweni, watu wakinywa maji yake baridi ya majani kwa zamu, sasa inamruka. Vijana wanamwita, "Mpishi wa Wajapani, leo umeunga mboga kwa dawa gani?" naye anajibu kwamba hakupuliza kitu, kisha anakwenda zake. Ukaniuliza kama naamini mzee yule anaweza kufanya hivyo.

Siamini, Mama. Mimi ndiye niliyepuliza.

Ufuta wetu ulikuwa umeshatoa maganda wadudu walipouvamia. Ushirika ulikwisha kutukataza dawa baada ya maua, nami nilikuwepo mkutanoni, nilinyoosha mkono kukubali. Nilipuliza alfajiri moja ukiwa kanisani, nikajidanganya kwamba mvua itaosha. Mvua haikunyesha.

Siku majirani walipokuja kutusaidia kupura, magunia hayakutosha. Mzee Eulogio akaleta matatu ya kwake, yamepigwa namba 27, akanitania: "Chukua, mwanangu, ufuta haulali uchi." Ghalani karani aliandika uzito kwa jina langu, lakini kibakuli cha sampuli ya kupimwa akakibandika namba iliyo kwenye gunia. Nilimwona. Nilijua kilichomo kibakulini, nikanyamaza, na wiki iliyofuata nikapanda basi nikaja huku. Nilikuambia nafuata kazi. Nilikuwa nakimbia.

Mzee anakumbuka alimpa nani magunia yale. Hajanitaja hata mara moja. Nadhani anakuhurumia wewe, Mama, na huruma hiyo inanifanya nione haya kujitazama kwenye kioo.

Bi Saturnina, najua hapa umeishusha karatasi. Una haki. Mkono wako ndio ulioniandikia habari za mumeo bila kujua unamwandikia nani. Nisamehe ukiweza, ila usiruke mstari hata mmoja. Msomee Mama yote, kwa sauti. Kisha Jumapili uisome barua hii mbele ya wanachama, na jina langu ulisome mwishoni wote wasikie.

Nitapanda basi la Jumamosi. Nitakaa benchi la nyuma nisikilize, na pembe ya tereré ikinifikia, na iniruke.

Mama, usimlilie mtu aliyeyataka mwenyewe. Nisalimie shangazi na wote wanaoniulizia. Mzee Eulogio sithubutu kumtumia salamu kwa karatasi.

Ni mimi mwanao,
Crispín