Kifaa Kimoja kwa Tangi la Baba Yako

Chumba cha mbele,
Nyumbani.
Jumapili alasiri, 14 Juni

Mpendwa Kitindamimba wangu,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekwisha, au umeamua kukifuga? Na unakula? Simaanishi vile vitu unavyotafuna umesimama huko karakanani kwenu, katikati ya meno bandia mnayowatengenezea watu. Namaanisha kula umeketi, sahani ikiwa mezani.

Sisi hatujambo. Magoti yangu yanagombana na ngazi kama kawaida, lakini bado yananifikisha ghorofani. Baba yako ni mzima, anakula vizuri, analala vizuri, na bado anabishana na redio.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu simu katika nyumba hii ni mkutano wa hadhara. Ukisema neno moja, wanne wanajibu. Na hili ninalotaka kukwambia linahitaji utulivu.

Ujumbe wako tumeupata. Mwenzako wa kazini anakuja likizo, na amekubali kutubebea kifaa kimoja cha tangi la samaki ndani ya sanduku lake. Kimoja tu, na mimi ndiye wa kuchagua. Umefanya vizuri kumwekea kaka yako mpaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yule angemtwisha mgeni wa watu duka zima.

Basi nimeketi hapa kwenye cherehani, ubavuni mwa tangi, nawaza. Ni ile saa unayoijua, jua limeshaondoka dirishani na taa ya tangi ndiyo inayotawala. Kila kitu kimekuwa cha buluu: ukuta, mapazia, hata mikono yangu inayokuandikia. Samaki wako wawili wa rangi ya chungwa wanakwenda na kurudi mbele ya jiwe lao kama wenye nyumba wanaosubiri mgeni aliyechelewa. Pampu inavuma taratibu. Nikikaa muda mrefu najikuta napumua pamoja nayo, na mawazo yangu yanaelea, hayana haraka ya kufika popote.

Kuna siku nasinzia hapahapa. Juzi niliota nyumba yetu imejaa maji mpaka darini, na wala hatukuogopa. Tulikuwa tunatembea polepole, nguo zinatufuata nyuma, viti vimeinuka kidogo kutoka sakafuni. Ukatokea jikoni, nywele zako zote zimesimama juu, ukaniuliza chumvi iko wapi. Nilipofungua macho nilikuwa nimeshona mkono wa gauni la mteja kiunoni.

Sasa turudi kwenye uchaguzi. Kaka yako anataka taa. Tangu aanze kupiga picha za harusi, kila kitu kwake ni mwanga. Anasema taa yetu ya zamani inawaonyesha samaki kama wageni waliochoka na sherehe, na kwamba taa mpya itayafanya matumbawe yawake rangi mpaka watu wasimame mlangoni. Mimi na taa za buluu hatupatani, mwanangu. Nimeshamshonea mtu gauni la buluu kwa uzi wa kijani nikiapa kwamba rangi ni ileile. Alipotoka nalo nje juani alirudi amenuna, nikaufumua uzi wote. Taa kali zaidi itanimalizia wateja.

Mimi, ukiniuliza peke yangu, ningechagua ile pampu ya mawimbi. Muuza samaki wa mapambo wa mtaa wa nyuma anayo moja dukani kwake. Inasukuma maji huku, inapumzika, inayasukuma kule, na kila kilichomo kinainama na kuinuka. Nilisimama mbele yake mpaka mkate niliotumwa kuununua nikausahau. Sina sababu nyingine zaidi ya hiyo. Naipenda tu.

Lakini nilimwita huyo muuza samaki aje atuone, kwa sababu tumbawe lako haliko sawa.

Lile ulilolileta kwenye chupa ya jemu kabla hujaondoka, kipande kidogo kama ukucha wa dole gumba, lilikuwa limeshafika ukubwa wa kiganja changu. Kila alasiri lilikuwa linafungua vidole vyake vyote na kuvipungapunga, nami nilikuwa nalisalimia kwa jina lako, watu wakicheka. Mwezi huu limefumba. Ukingoni limeanza kuwa jeupe. Siku moja linatoa vidole viwili vitatu, kesho yake limejikunja tena.

Yule dada muuza samaki alichungulia kila kona. Akasema mashine ya kuondoa uchafu kwa povu ni kuukuu lakini inafanya kazi, taa inatosha kwa sasa, pampu inatosha. Akasema watu wengi huanza na kinachopendeza macho, wakati cha kuanza nacho ni kinachoyatuliza maji. Kisha akachukua kile kidude cha kupimia chumvi, akakiweka jichoni kama darubini. Akapima mara ya pili. Akaniuliza nani anayeongeza maji.

Mwanangu, jibu unalijua. Maji ya tangi yanapungua kila siku kwa kukauka, chumvi inabaki, kwa hiyo lazima mtu aongeze maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye ule mstari mwekundu kwenye kioo. Mstari aliuchora baba yako na kazi ni ya baba yako, tangu siku aliyolijenga tangi hili. Alikuwa fundi bomba maisha yake yote, mtaa mzima bado unamwita Koki, na alipostaafu alisema hawezi kulala kwenye nyumba ambayo hakuna maji yanayomhitaji. Kila asubuhi anaamka, ananyoa ndevu, anavaa shati lenye kola, ndipo anachukua jagi. Kazi mbi si mchezo mwema, husema, na hii wala si mbaya. Ni kazi anayoipenda.

Siku hizi anasahau kama ameshamimina.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda. Ndivyo ilivyo. Anamimina, anakwenda kusikiliza redio, anarudi na jagi. Akikuta maji yamevuka mstari, anayachota yale ya ziada na kuyamwaga, na chumvi inakwenda nayo. Baadaye anamimina tena. Siku nyingine ana hakika kwamba amemaliza kazi, na hajagusa kitu. Kwa hiyo chumvi inapanda, inashuka, inapanda, na tumbawe lako halijui likae vipi. Sikuweza kukwambia kwenye simu kwa sababu yeye huwa ameketi pembeni yangu, anacheka vichekesho vyako.

Muuza samaki akasema kwa upole kwamba ipo mashine ndogo ya kujaza maji. Ina jicho linaloangalia mstari, na maji yakipungua kidogo tu inaongeza yenyewe kidogo tu, mchana na usiku. Akasema hicho ndicho cha kwanza, vingine vyote vingoje.

Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka chini, nikarudi nikaketi nimenyong'onyea. Kama mashine ndiyo itakayomimina, baba yako atanyoa ndevu kwa ajili ya nani? Nimemwona mwenzake, yule aliyekuwa dereva wa mkurugenzi, tangu wanawe walipomnyang'anya ufunguo wa gari. Anashinda na nguo za kulalia. Nikaogopa, mwanangu. Nikapiga moyo konde: nitakuandikia ulete pampu ya mawimbi, tumbawe tumwachie Mungu, na mzee abaki na jagi lake. Ungenilaumu, lakini ndivyo nilivyokuwa nimeamua.

Kwa siku kadhaa nikawa fundi wa siri. Yeye akiingia kuoga, mimi nafungua kabati la chini, napima, naongeza maji ya chumvi kidogo au maji matupu kidogo, nafunga, narudi cherehani kama mtu asiye na neno. Umri huu, nanyata nyumbani kwangu kama mwizi wa kuku.

Alhamisi akanikuta. Alikuwa amesahau taulo. Mimi nimepiga magoti, kidude kiko jichoni, jagi liko mkononi.

"Chumvi imeshuka?" akauliza.

"Kidogo."

"Ni mimi?"

Nilitaka kusema ni joto, ni upepo, ni samaki. Nimeishi naye muda mrefu mno, uongo wangu anaujua hata nikimpa mgongo. Nikasema, "Ndiyo, baba. Ni wewe."

Akaketi kwenye kigoda changu cha kushonea, mapovu ya sabuni bado yako sikioni. Akalitazama tumbawe lako. Kisha akaniambia, "Mimi watu wananiita usiku, wananiita sikukuu, wananiita sakafu ikiwa imeshaharibika. Wewe uko humu ndani, hukuniita?"

Nililia, sikufichi. Na katika kulia huko nikamweleza yote, mashine na jicho lake na maneno ya yule dada. Nikangoja akasirike. Badala yake nikaona uso wake unabadilika, ukawa ule uso wake wa zamani, wa kuingia chini ya sinki la mtu.

"Na hayo maji inayoongeza, inayatoa wapi?"

Nikamwambia inayatoa kwenye dumu, linawekwa kando ya tangi.

"Dumu linajazwa na nani?"

Katika hofu yangu yote sikuwa nimeuliza hilo. Dumu linajazwa na mtu.

"Basi," akasema. Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaanza kuchora sakafuni. Dumu hapa. Mashine hapa. Akimimina asubuhi, sawa. Akisahau akamimina tena, sawa. Dumu ndilo litakalojaa, na mashine itachukua inachohitaji na kuacha kingine. Akimimina mara ya tatu, kuna kibomba atakachokifunga shingoni mwa dumu, cha kupeleka maji ya ziada kwenye ndoo ya kudekia. Jagi litakuwa halifiki tena kwenye tangi lenyewe, kwa hiyo hawezi kulidhuru tumbawe. Alichora vizuri, mistari imenyooka, mkono hautetemeki hata kidogo. Sijadeki pale mpaka leo.

Alipomaliza alikaa na ile chaki mkononi. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na siku nikisahau kabisa? Dumu likakauka?"

Nikamwambia alivyonieleza yule dada, kwamba mashine hizi ziko za aina nyingi. Nyingine dumu likikauka hunyamaza tu. Nyingine hulia, pii, pii, mpaka mtu aje.

"Basi iwe hiyo ya kulia," akasema. "Nikisahau, iniite."

Kwa hiyo, mwanangu, huo ndio uchaguzi wetu. Mwambie mwenzako asibebe taa, wala pampu. Alete mashine ya kujaza maji, ile yenye kengele. Taa ya kaka yako na pampu yangu zitasubiri. Kaka yako amenuna siku moja, kisha wifi yako akamwambia kwamba picha ya tumbawe lililokufa haihitaji taa nzuri, akaacha kununa.

Baba yako ameongeza sharti moja. Anataka sauti iwe kubwa, ifike mpaka kitandani na mpaka kwenye redio. Ninamwelewa. Siku hizi ukimwita kula anachelewa, ukimwita mgeni amekuja anachelewa, lakini ukisema tu kuna maji mahali, ameshasimama. Tafadhali waulize dukani wakusikilizishe kabla hujachukua.

Jana alasiri tumbawe lilitoa vidole vinne. Sisemi limepona. Tunapima pamoja sasa, yeye anashika jagi na mimi nashika kidude, na tunabishana kama wanafunzi. Limefungua vinne, nikaona nikwambie.

Kaka yako na wifi yako wanakusalimu sana. Shangazi yako, yule tunayemwita Redio kwa maneno yake mengi, anakusalimu, na salamu zake ni ndefu kuliko barua hii, kwa hiyo nimezifupisha: uvae soksi. Jirani wa juu naye anakusalimu, anauliza kama huko mnatengeneza meno ya juu peke yake. Nisalimie huyo mwenzako mwenye sanduku, mwambie kitanda chake kimeshatandikwa na asithubutu kwenda kulala hotelini.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe kazi yenye amani na watu wa kuketi nao mezani. Nakuombea kila siku, hata nikiwa na pini mdomoni.

Baba yako amepita hapa sasa hivi akaniuliza kama nimekuandikia kuhusu sauti iwe kubwa. Nikamwambia nimeandika. Akafurahi, akaenda.

Amerudi tena, anauliza kama nimekuandikia kuhusu sauti. Nimemwambia nimeandika, baba, na amefurahi vilevile.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Mama yako