Tambi Ulizonifundisha Ukiwa Kitandani

Wambui mwanangu,

Nakuandikia nikiwa mezani hapa Mwiki, unga bado umenishika kwenye kucha.

Nilikuita maitu, yaani mama, kwa sababu ulirithi jina la mama yangu. Tangu mama yako atutoke tulibaki sisi wawili tu. Kisha ukapata kazi ya jikoni katika kantini ya kiwanda kule Thika, na mama mmoja wa Kichina aliyekuwa mpishi mkuu akakufunza kupika tambi zao za pilipili. Jumapili iliyofuata ulitoka kanisani ukaingia jikoni hata viatu hujavua. Ukakanda unga, ukausukuma kama wa chapati, ukaukata nyuzi ndefu, ukazichemsha. Juu yake ukaweka kitunguu saumu na pilipili ya unga, ukamwagia mafuta moto. Tukakohoa sote wawili.

Ukaniwekea sahani. Nami, mtu wa githeri na ugali, nikaisukuma kando.

"Mimi sili minyoo."

Ulicheka kidogo, ukala zako, kisha ukala na zangu. Nikadhani mzaha umeishia hapo. Lakini hukuzipika tena. Kila Jumapili ulinipikia mukimo, na mimi sikuuliza kwa nini.

Halafu figo zikakuangusha. Ulirudi kutoka hospitalini umekonda, hutaki chakula chochote. Asubuhi moja nikakuuliza kama kuna kitu unachotamani. Ukanitazama, ukasema polepole, "Baba, ile minyoo."

Nilienda dukani mbio kama kijana. Niliacha mlango wa chumba chako wazi ili unielekeze ukiwa kitandani. Uliniambia niongeze maji, nisikande kama mtu mwenye hasira, niuache unga upumzike. Zangu zilitoka nene kama kamba za kufungia ng'ombe. Ulikula nyuzi tatu. Kisha ukachukua uma ukanilisha, nami nikafungua mdomo kama mtoto. Machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili. Ukaniuliza kama ni tamu. Nikakwambia sijawahi kula kitu kitamu hivyo, na sikukudanganya.

Siku nne baadaye tulikuzika Kalimoni, kando ya mama yako.

Watu wa kanisa huniambia nishukuru kwamba tuliipata hata hiyo siku moja. Nashukuru, maitu. Lakini nawaza zile Jumapili nyingine zote. Ulikuja nyumbani na kitu kipya cha kunionyesha, ukiwa na furaha, nami nikakuzima kwa maneno matatu.

Leo nimepika tena. Zimetoka nyembamba, zote sawasawa. Niligeuka kuelekea chumbani kwako nikuonyeshe, na jina lako likanitoka kwa sauti kabla sijakumbuka. Nilisimama pale na sufuria mkononi, nikingoja, ingawa nilijua.

Nisamehe, maitu. Pumzika, na umsalimie mama yako.

Ni mimi,
Baba