Jina la Ami kwenye Sanduku la Mama

Maskati, Jumatatu, mwezi wa tano, 1967. Joto tangu alfajiri, milima imekaa kimya kama iliyonuna. Mie sijanuna. Nna majivuno kidogo na aibu kidogo, na leo naandika vyote viwili.

Charahani ya Mama imefika forodhani tangu wiki iliyopita. Jirani yetu wa Unguja, tuliyemwachia, ndiye aliyeituma, lakini hakujua tunaishi wapi, akaandika jina la Ami Seif. Ami yuko Kuwait. Karani kasema meli ikirudi, na sanduku linarudi. Mwenye malalamiko aje, lakini awe ndiye mwenye jina.

Mama sasa anashona kwa mkono, na macho hayamtii tena.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Hilali, jirani yetu, anayesikiliza redio za Ulaya kama wenzake wanavyosikiliza taarabu. Akanambia huko nchi sita zina mahakama yao moja. Amri ikiandikiwa mwenzio, raia wa kawaida anaweza kuipinga pale, ila athibitishe inamgusa moja kwa moja, yeye hasa, kama vile jina lake ndilo lililoandikwa.

"Mlango upo," akasema, "lakini mwembamba. Wengi hurudishwa."

Mie darasa la tano sikulimaliza, lakini hilo nililimeza zima.

Nikawatangazia vijana wa mtaani kuwa leo natetea kesi kwa sheria ya Ulaya. Mmoja akaniuliza, "Wakili, na hiyo kanzu umeazima kwa nani?" Nimeazima kweli, lakini yeye kajuaje?

Asubuhi mie na Mama tukaenda barazani kwa Liwali, ambako yeyote mwenye shida huingia akasema. Nikasimama, nikasema kwa Kiarabu cha kupima maneno: jina ni la Ami, lakini amri ya kulirudisha sanduku inamgusa Mama, yeye hasa. Nilijipenda. Liwali akanitazama kwa upole. "Yeye hasa, kwa nini? Wanawake wa Maskati wote si wanashona?"

Nikaishika kanzu kifuani, nikaivuta.

Hapo Mwalimu hakunifikisha, au mie ndiye niliyeondoka mapema kwenda kujitapa.

Mama akanivuta nguo. "Kaa, mwanangu, usichane kanzu ya watu." Akafungua fundo la leso yake, akatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa charahani, ndani ya kikopo chake. Kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, kile kinachochekwa sokoni, akaeleza kuwa siku tuliyoondoka Unguja alikichomoa kikopo hicho, asije mtu akashonea nyuma yake. "Fungueni sanduku. Ikiwa yangu, mtakuta hiki hakimo, na uzi wa sindanoni ni wa zambarau kama huu."

Hakuna aliyecheka.

Liwali kaamuru sanduku lifunguliwe kesho mbele ya karani. Kikopo kikiingia na uzi ukifanana, Mama atachukua charahani yake.

Mtaani nimeshasema nimeshinda. Wallahi, mie nilisimama tu, aliyesema ni Mama. Na miaka yote hii nilidhani fundo lile lina dhahabu.

Kesho nitalibeba sanduku mwenyewe, kichwani, polepole, kila mtu aone. Mama keshanunua uzi mpya wa zambarau.

Ila kuna jambo moja sijathubutu kumuuliza: na kama jirani wa Unguja, kwa wema wake, aliisafisha akautoa na uzi kabla ya kuituma?