Zaburi ya Njia Yenye Utelezi

Mgeta, Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yametulia tangu ulipoanza kuyachua kwa ile dawa aliyokuletea mdogo wangu Hadija. Aliniambia pia kwamba mikorosho ya nyuma ya nyumba imetoa maua vizuri mwaka huu, nikafurahi. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Deo bado yupo mjini Kihonda kwenye karakana yao ya kuchomelea mageti, anapanda mlimani Jumamosi na kushuka Jumapili jioni. Siku nyingine zote nabaki peke yangu na kabichi. Baridi ya huku imekuwa ya kulala na soksi.

Nimeona niandike kwa sababu haya ninayotaka kukueleza hayafai kwenye simu. Wewe ukipokea simu unaweka spika, na majirani wote wanachangia. Mwambie Hadija akusomee taratibu, mkiwa wawili tu.

Nilipokwambia Pasaka ile kwamba nimebatizwa, ulizima spika ya simu kwanza. Halafu ukasema, kama nimeamua basi nisome, nisiwe mtu wa dini ya kusikia. Ukaniuliza Wakristo wanaanzia kusoma wapi. Nilirudi kwa katekista wetu, anaitwa Mama Devota, ni mwanamke wa makamo anayefuga mbuzi wa maziwa, ndiye aliyetufundisha mwaka mzima kabla ya ubatizo. Nikamuuliza swali lako kama lilivyo. Akasema wengine wanaanzia kwenye Injili, ila mimi kwa kuwa nilikulia madrasa nikisoma kwa sauti, nianze na Zaburi. Moja kila asubuhi, kwa sauti, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata ile nisiyoipenda.

Jina hilo halikuwa geni kwangu. Ni wewe uliyetuambia tukiwa watoto kwamba Nabii Daudi alipewa Zaburi. Sikujua tu kwamba ingekuja siku nizishike mkononi.

Nilianza vibaya, Mama. Nilitegemea kukuta maagizo, fanya hiki, acha kile. Nikakuta mtu anaongea. Leo anashukuru mpaka unamwonea wivu, kesho yake anamuuliza Mungu atamsahau mpaka lini. Ya kwanza inamtaja mtu mwema kuwa kama mti uliopandwa kando ya maji, nikaielewa upesi, maana huku bila maji ya mfereji huvuni kitu wakati wa kiangazi. Nyingine zilinipita tu. Nilizisoma kama mtu anayesoma bango la barabarani akiwa ndani ya gari. Mama Devota aliniambia nisihangaike, ziko za kwangu mbele, nitazijua nikizifikia.

Sasa sikiliza habari ya maji. Unamjua wifi yangu Skolastika kwa picha za harusi, yule mrefu aliyevaa kitenge cha kijani. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ni mjane, na shamba lake liko juu kidogo ya langu. Huku kama kwetu, ardhi inapita kwa upande wa mama. Kwa hiyo matuta ninayolima ni ya ukoo wao, mimi nimeazimwa kwa kuwa nimeolewa na mtoto wao. Maji yanatoka kwenye chemchemi, yanapita kwake kwanza, ndipo yanakuja kwangu.

Baada ya Pasaka mvua zilipokatika, Wifi alifungua tuta jipya la kolifulawa na kuyageuza maji yote. Aliziba mfereji kwa mawe na magogo ya migomba. Nilikwenda kumwomba kwa adabu. Akasema maji yakimtosha atanifungulia. Hayakumtosha. Kabichi zangu zilianza kujikunja majani, karoti zikakoma kukua. Nilipomwambia mume wangu, alichezea simu kidogo, halafu akasema tumsubiri mjomba wao, mkuu wa ukoo, yupo mjini Mwembesongo kwa mwanawe akitibiwa macho. Yeye asingeweza kubishana na dada aliyemlea.

Basi nikabaki na Zaburi zangu. Asubuhi moja nikafika ya thelathini na tano. Huyo mwandishi analia juu ya watu wanaomwazia mabaya. Anamwomba Mungu apigane nao. Anaomba njia yao iwe giza na utelezi. Mama, nilisimama pale mlangoni na kitabu, chini yangu naona kabichi zinakauka, juu yangu naona kolifulawa za Wifi zimenenepa. Nikajua hii ndiyo ya kwangu. Nikaianza upya kwa sauti, na mahali penye maadui nikatia jina lake. Nilipofika kwenye utelezi nikafunga kitabu, sikuona haja ya kuendelea. Kesho yake sikuhamia nyingine. Nilirudia ileile, na siku iliyofuata vilevile.

Haikupita wiki. Ingawa ni kiangazi, ukungu wa huku unalowesha njia kama mvua. Wifi alikuwa anashuka na tenga la kolifulawa kuwahi lori la mboga, akateleza pale kwenye kona ya mawe, akaanguka nalo. Mguu ulivunjika juu ya goti. Wanaume walimshusha kwa machela ya miti na mablanketi mpaka barabarani, wakampakia kwenye lori juu ya matenga, akapelekwa hospitali mjini.

Nilisikia kelele nikatoka. Nitakueleza nilivyojisikia kwa sababu wewe hushangai ovyo. Kwanza niliona kama mtu amelipwa haki yake. Hiyo ilidumu kwa muda wa kumtazama akipita kwenye machela, uso umegeuka rangi ya majivu. Baada ya hapo nikakaa chini kwenye tuta.

Kufika Jumapili maneno yalikuwa yameenea. Walisema mke wa Deo amemsomea wifi yake albadiri. Kwamba watu wa kwetu wanaijua, na ubatizo hauondoi kitu alichokuja nacho mtu. Kwenye mashine ya kusaga, mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alihamisha ndoo yake. Wapo walionisikia nikisoma kwa sauti mlangoni na kulitaja jina. Mume wangu alipopanda aliniuliza mara moja tu, bila kunitazama, kama nimefanya kitu. Nikamwambia albadiri siijui, sijawahi hata kuiona ikisomwa. Ilikuwa kweli, lakini nilijua si kweli yote. Alikubali kwa kichwa, akashuka mapema kuliko kawaida yake. Tukasikia mjomba amepata habari hukohuko mjini, akirudi ataita kikao cha ukoo. Kikao cha namna hiyo kingeweza kuninyang'anya matuta, na pengine kunirudisha kwako.

Nilikwenda kwa Mama Devota nikamkuta anakamua mbuzi. Sikuzunguka. Nilimweleza yote, jina, siku nilizorudia, mpaka ile furaha fupi ya kwanza. Hakuacha kukamua. Alipomaliza akaniuliza nilisoma mpaka wapi.

Nikasema mpaka kwenye utelezi.

"Hukuendelea?"

"Sikuendelea."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na Biblia yake. Akaniambia nisome pale palepale, mbele ya mbuzi, kuanzia nilipokomea. Nikasoma. Mbele kidogo, Mama, mtu yuleyule aliyeomba utelezi anasema kwamba hao maadui zake walipougua, yeye alivaa nguo za huzuni, akafunga, akainamisha kichwa kama mtu anayemlilia mama yake. Nilipofika kwenye neno hilo la mama nikakufikiria wewe, nikaurudia mstari ule.

Nikamuuliza kama ni mimi niliyemvunja mguu. Akasema, "Wewe ulimshtaki kwa Mungu. Hukumwamuru Mungu. Kushtaki kunaruhusiwa, ndiyo maana imeandikwa. Lakini ukishashtaki, ondoka barazani, muachie hakimu. Wewe ulirudi kila siku kumkumbusha." Kisha akaniambia kwamba ile Zaburi imebaki kipande, na kipande hicho hakisomwi kwa mdomo.

Nilishuka mjini kwa lori la asubuhi. Nilifikia Mafiga kwa shangazi yake mume wangu, nikawa natoka pale kwenda wodini. Wifi watoto wake wako mbali, mmoja Tunduma, mwingine Dar, hakuwa na mtu wa kumhudumia. Nilimkuta amefungwa hogo mguu mzima, nywele hazijachanwa. Aliponiona aligeukia ukutani. Nikamwambia, "Shikamoo Wifi." Hakuitikia. Nikachota maji nikamnawisha uso, hakukataa, hakushukuru. Ikawa hivyohivyo siku kadhaa. Namlisha uji, namwogesha kwa kitambaa, namsuka, na yeye anatazama dirishani. Wagonjwa wengine walidhani mimi ni mfanyakazi wake wa ndani.

Siku moja, nikimsuka, akasema bila kugeuka, "Watu wanasema umenisomea albadiri."

Nikasema, "Nilisoma Zaburi."

"Ipi?"

"Ya thelathini na tano."

Wifi yupo kwaya tangu msichana, Zaburi anazijua kwa namba kama wewe unavyojua miti yako ya korosho. Nilishika nywele zake mkononi nikisubiri anitukane. Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, akajizuia kwa sababu kicheko kiliuumiza mguu.

"Ile ya utelezi," akasema. "Mtoto wewe. Kona ile ina utelezi tangu enzi za bibi yangu. Na mimi nilivaa yeboyebo zilizokwisha soli."

Sikucheka. Nikamwambia nilitaja jina lake. Akasema, "Nimesikia." Halafu akaongea muda mrefu kuliko wakati wowote tangu nimjue. Alisema ule mfereji aliuchimba na mama yake akiwa binti. Mama yake alifariki kabla sijaolewa. Kila akiniona nimesimama na jembe, namwagilia bila kuuliza yalikotoka yale maji, anaona kama mama yake amesahauliwa. Hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba kwa maneno. Nilimaliza kumsuka. Mistari haikunyooka, akasema hivyo, akakaa nayo hivyohivyo.

Alipopata ruhusa tulirudi naye. Mjomba alikuwa amekwisha kufika, na kikao kiliitwa nyumbani kwa Wifi kwa kuwa hawezi kutembea. Watu walijaa mpaka uani. Mjomba alianza kwa mbali, habari za wageni na desturi zao, nikaona inakoelekea. Wifi akamkatiza. Akasema aliteleza kwa viatu vyake mwenyewe, na waliokuja kusikia habari za albadiri wakamsaidie kupalilia, majani yamempita kiuno. Kisha akasema maji yagawanywe kwa zamu, yeye siku yake na mimi siku yangu. Mjomba akakubali. Watu walikunywa chai wakaondoka. Yule mwanamke wa mashine bado hanisogelei sana, nimemzoea hivyo.

Usidhani tumekuwa mapacha. Wifi akinikasirikia bado anapita kimya siku nzima, na mara moja zamu yangu ilikuta mfereji umezibwa kidogo, akasema ni majani. Ila kwa kuwa hawezi kupanda kanisani, asubuhi nakwenda kwake na Biblia. Nimeacha kusomea mlangoni kwangu. Namsomea iliyofuata katika mpangilio, naye anafumba macho, nikikosea anarekebisha. Juzi tulipata moja inayolia tangu mwanzo mpaka mwisho, haina faraja hata mstari mmoja, inaishia gizani. Nikamtazama nikimtegemea aseme neno. Akasema tu kwamba hiyo aliisoma mwaka aliofiwa na mumewe, na ilimsaidia kuliko zile nzuri.

Hayo ndiyo niliyoyapata kwa kuanza kusoma, Mama. Sijui kama ndiyo uliyotaka kuyasikia. Wewe ukiwa kwenye mkeka wako alfajiri, ukitaja watoto wako, nitaje kama ulivyokuwa ukinitaja, kwa jina lilelile.

Nisalimie Hadija kwa kazi ya kusoma maandishi yangu mabaya. Mjomba wangu Saidi mwambie ule mwiko aliouchonga kwa ajili ya harusi yangu ndio unaosonga ugali wa nyumba mbili sasa. Bibi yangu mzaa baba mshike mkono kwa niaba yangu. Na yule mwalimu wangu wa madrasa, kama bado yupo, mwambie mwanafunzi wake bado anasoma kwa sauti.

Nakatisha hapa. Wifi amekaa kwenye kigoda uani na gongo lake, ananiita mara ya pili. Anasema leo maji ni zamu yangu na jua limeshapanda, nikageuze mfereji kabla hayajamwagikia kwake bure.

Mimi mwanao,
Zuhura