Jina Lako Lilikuwa Chumba Namba Moja

Kaka yangu mpendwa,

Walikuua kwa matofali, na la kwanza lilitoka kwangu. Barua hii naibandika kijiweni kwa bodaboda wote waisome. Tangu tukuzike mama anawalaani watu wa njia ya Litapunga, na mimi namshikia kikombe cha uji.

Unamkumbuka yule bodaboda tuliyemkuta Nsemulwa asubuhi tukitoka sokoni? Kichwa kimepasuliwa, tairi linawaka kifuani, na pikipiki waliyomuulia wakidai ameiiba ilikuwa yake mwenyewe. Uliniziba macho kwa kiganja kinachonuka samaki wa migebuka. Siku ileile ukasema, "Mdogo wangu, huyu kafa kwa sababu hakuna aliyemjua. Tuwaandike wote."

Tukaanza. Hifadhi yetu ya data ilikuwa rahisi: unaipa namba ya pikipiki, inakurudishia jina la mwenyewe. Wewe ulisajili watu kwa programu ya Python kwenye laptop yako mbovu. Mimi niliandika kwa Java ile ya kwenye simu, ya kuuliza. Lugha mbili za kompyuta, hifadhi moja, na ugomvi kila siku. Ulisema Java ina maneno mengi kama mimi, nikakurushia chaja ikakupasua mdomo. Ulicheka meno yakiwa na damu.

Hifadhi ile ina vyumba, na programu isiyotajiwa chumba huingia namba sifuri. Jumatatu ile uliniambia, "Kuanzia leo naandikia chumba namba moja, sifuri ibaki ya majaribio. Badilisha na kwako, usisahau." Nilikuwa nimekununia. Nikajaribu namba mbili tatu za zamani, zikajibu, maana zilikuwa bado chumba sifuri. Nikaona hakuna haja ya kugusa kitu. Namba ya kwanza kuandikwa chumba kipya ilikuwa ya pikipiki yako, uliyoinunua wiki ileile.

Alhamisi mchana bodaboda wa njia ya Litapunga wakakusimamisha. Pikipiki ya mtu ilikuwa imeibwa, nyekundu kama yako. Mwenyekiti wa kijiwe cha kule akawaambia, "Nyie, tulieni kwanza, tuulize kwenye simu." Alifanya kama tulivyomfundisha. Programu yangu ikaunganika bila shida yoyote, ikaingia chumba sifuri, ikakukosa, ikajibu kwa rangi nyekundu niliyoichagua mwenyewe: HAIJASAJILIWA.

Waliokuwepo wanasema ulirudia, "Fungueni kwenye simu yangu, jina langu limo." Wakaikanyaga simu yako. Wakaukanyaga mkono ulioishika. Halafu matofali. Nilipofika nilikutambua kwa soksi. Mwenyekiti alinionyesha simu yake aliyoulizia huku analia, "Dada, mbona ilisema haimo?" Nikamjibu, "Mtandao." Nilidanganya nikiwa nimepiga magoti kwenye damu yako.

Siku ya tatu nilichukua panga la baba nikatoka nalo hadi barabarani. Nilitaka kumkata mtu, yeyote. Nikasimama pale jua linaniwakia, kila sura niliyoifikiria ikawa yangu, nikarudi nalo ndani.

Juzi ndipo nilipopata nguvu ya kuifungua kazi yetu. Nilibadilisha tarakimu moja. Sifuri ikawa moja. Nikaandika namba yako na jina lako likaja hapohapo, kamili, hata la ubatizo. Nilipiga ukuta kwa ngumi mpaka vidole vikapasuka, na bado haviniumi vya kutosha.

Najichukia, kaka. Leo jioni mama nitamsomea barua hii mimi mwenyewe, na akinipiga sitakwepa. Watu wa vijiwe wanataka programu irudi. Nimewarudishia, majina ya zamani nikiyahamishia chumba namba moja, ila lile neno jekundu nimelifuta. Sasa isipolikuta jina, inaandika: "Sijui. Msimguse."

Pumzika. Ulisema kweli, jina lako lilikuwemo.

Mdogo wako wa maneno mengi, niliyekosa moja la kweli la kusema juu ya mwili wako