Mstari wa Maji kwenye Ukuta wa Kanisa

Mpendwa mdogo wangu Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo? Shemeji Delroy hajambo? Na mama mkwe wako, Bi Ivy, anaendeleaje na miguu? Maneno haya nimeyaandika kwenye barua maisha yangu yote bila kuyafikiria. Leo nimeyaandika, nikaweka kalamu chini, nikalia. Leo nauliza kweli.

Mimi ni mzima wa mwili. Hapa Woolwich baridi imeanza, na kazini, kwa wazee ninaowatunza, naenda kama kawaida. Lakini tangu kimbunga kipite huko Jamaika, leo siku ya tisa, simu yako haiiti. Kaka mmoja wa kanisani kwetu anasafiri Jumamosi kupeleka dawa. Barua hii nitampa mkononi.

Neema, naogopa. Na wewe unajua ninachokiogopa, maana kwenye simu ile tulikuwa wawili.

Ulinipigia upepo ukiwa bado mdogo. Ukasema, "Dada, Delroy anataka twende shuleni, kule juu mlimani. Mama mkwe hataki, anasema ni mbali. Wewe unaonaje?"

Nikajibu haraka, kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya. "Nendeni kanisani. Nyumba ile haijaanguka tangu ijengwe."

"Kanisa liko karibu na mto, Dada."

"Mwambie mumeo apunguze woga, aongeze imani."

Ukacheka. "Haya, mchungaji." Simu ikakatika.

Unakumbuka mwaka juzi nilipokuja kuwatembelea? Bi Ivy alinishika mkono akanitembeza mji mzima, yaani ile barabara yenu moja, na wewe nyuma yetu ukinitafsiria Kiingereza chao. Nilishtuka kuona makaburi ya ukoo kwenye kila ua, yamepakwa chokaa, kuku wamelala juu yake. Bi Ivy akaniambia, "Wanangu wakitaka kuuza shamba hili, wakamwombe baba yao ruhusa. Yule pale." Akaonyesha kaburi. Akaniuliza pia ni Mwafrika gani mimi nisiyejua kuchoma shelisheli kwenye moto. Nikamwambia kwetu Muheza tunalipika kwa nazi. "Ndiyo maana mmelegea," akasema, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Lakini alipofika kanisani alibadilika, sauti ikashuka. Alisema bibi wa bibi yake alikuwa mtumwa kwenye shamba la miwa pale bondeni. Siku uhuru uliposomwa, mwenye shamba akawaambia walipe kodi ya vibanda vile vile walivyojenga wenyewe. Wakaondoka wote. Wakachanga, wakanunua pori la mlimani kupitia kanisa, kila mtu kipande. Kisha kinu cha miwa kilipoanguka, wanawake wakabeba mawe yake kichwani, wakajengea mahali pa kuombea, huku chini karibu na mto. Nilizigusa zile kuta, Neema. Nikajisemea, hiki Mungu hawezi kukiacha.

Ndiyo maana nilikujibu vile.

Jumatatu nilikuwa natafuta picha zenu simuni, nizitazame tu. Nikaipata ile uliyonipiga ndani ya kanisa. Nimesimama ukutani, nacheka, mkono wangu umeinuliwa juu ya bega, kidole kimegusa mstari mweusi. Hapo ndipo nikakumbuka. Bi Ivy alisema, "Maji yalifika hapa bibi yangu akiwa msichana." Kuta hazikuanguka, ni kweli. Lakini mto uliingia mlangoni. Aliniambia, akanionyesha, nikaweka kidole changu mwenyewe, ukapiga picha. Nikasahau maji, nikakumbuka mawe.

Kwenye taarifa ya habari walionyesha bonde kutoka angani. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mabati yametapakaa. Sikuweza kujua kanisa liko wapi. Wale watoto wangu wawili wakazima televisheni, wakaniambia kwa Kiingereza chao nisitazame tena.

Kuna lile jambo lingine mlilonifundisha. Kimbunga kikipita, kabla mtu hajatazama paa lake, anatoka na sufuria na kijiko, anagonga. Jirani akisikia naye anagonga, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mji. Nyumba ikikaa kimya, huko ndiko watu wote wanakokimbilia. Jana asubuhi, usinicheke, nilisimama jikoni nikagonga sufuria. Mama wa ghorofa ya juu akashuka na ndala kuuliza kama niko salama.

Nyumba yenu imekaa kimya, Neema, na mimi siwezi kukimbia.

Wapendwa kanisani wanaomba Bwana azilinde kuta zile. Naitikia amina pamoja nao. Lakini nikipiga magoti peke yangu naomba kingine: kwamba Delroy alikataa, akambeba mama yake mgongoni, mkapanda shuleni. Namwomba Mungu iwe hukunisikiliza.

Mwambie shemeji nimemkosea, anisamehe. Msalimie Bi Ivy.

Tafadhali nijibu upesi, kwa mkono wa huyu kaka au kwa simu ya mtu yeyote. Hata kama ni kunigombeza. Hata neno moja tu: tupo.

Ni mimi dada yako.