Programu Niliyoizima Dukani Kwako

Dada Pina,

Leo nimefunga duka mapema na kukaa kwenye kiti chako, na mikono haitaki kuanza. Nimezoea kuchapa barua za watu wengine. Mtu anaingia, anasema anachotaka, mimi nachapa. Hii ya kwangu imenishinda tangu mchana. Basi niseme tu: nimemkosea mwanao, na sioni mtu wa kumwambia kabla yako.

Usishtuke. Deo ni mzima. Jana amerudi chuoni Mbeya, amefika salama, kaniambia mvua inanyesha huko. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana nikikatiza hapa utadhani mambo ni mazuri.

Ni ile kompyuta.

Unakumbuka ilivyokuwa inawaka. Ulikuwa unabonyeza kitufe, unabandika chai kwenye jiko la mkaa pale nje, unafagia, unapanga karatasi za fotokopi, na ukirudi bado duara linazunguka. Kila programu uliyowahi kuiweka ilikuwa inajifungua yenyewe bila kuitwa: ya kupakulia nyimbo za kwaya, mbili za kuzuia virusi zilizokuwa zikigombana zenyewe kwa zenyewe, za printa zilizokufa zamani, mpaka michezo ya Deo ya alipokuwa darasa la sita. Kila kilichokuuliza kama kianze pamoja na mashine, ulikijibu ndiyo. Hukuweza kumkatalia mtu, hata kompyuta. Nilipokuwa nakucheka ulinijibu, "Iache, Vero, na yenyewe inaamka. Wewe ukiamka unakimbia?" Na wakati inaamka, wateja walikaa kwenye benchi, wewe ukawauliza habari za mahindi ya Sigino na mgonjwa wa Bonga. Wengine nadhani walifuata lile benchi.

Mimi siyo wewe. Zamani nilikuwa nakuja jioni tu kukusaidia. Tangu tukuzike naendesha duka kama mtu anayefukuzwa. Wateja wakikaa kwenye benchi naona foleni, sioni watu.

Siku moja alikuja binti kutoka Bonga kutuma maombi ya chuo. Ilikuwa siku ya mwisho. Umeme ukakatika, ukarudi, tukaanza kuwasha upya. Kabla hajamaliza kujaza, ukakatika tena. Mara zote mbili tulikaa tukitazama lile duara, na vile vidirisha vyako vinafunguka kimoja kimoja, huyu binti vyeti vyake kavishika kifuani. Mwisho akalia kabisa. Maombi yake yalipokelewa dakika za mwisho. Alisema asante, lakini hakunitazama. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikamwita fundi Zainabu wa kule sokoni. Akakaa kwenye kiti chako, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha ambalo sijawahi kuliona. Lina ukurasa wenye majina ya kila kitu kinachojiwasha pamoja na mashine. Nilishangaa, dada. Ulikuwa mkutano wa hadhara. Akanionyesha: unabonyeza jina kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua lisijiwashe tena. "Hapa hatufuti kitu," akaniambia. "Programu inabaki ndani. Ukiitaka utaifungua mwenyewe. Ila usizime usichokijua, uliza kwanza."

Kwa hiyo akawa ananiuliza. Hii ya printa? Zima. Huu mchezo? Zima. Hii ya kuzuia virusi? Tubaki na moja. Nilianza kuona raha. Nilikuwa nasema zima, zima, kama mtu anayetoa vyombo vya zamani stoo.

Akafika kwenye ile programu ya kupigiana simu kwa kompyuta, ile uliyokuwa unaongelea na Deo alipoanza chuo. Ilikuwa inajificha kule chini pembeni mwa kioo, mimi hata sikujua kwamba inawaka. Zainabu akaniuliza, "Hii mnaitumia?"

Nikamjibu, "Hiyo ilikuwa ya marehemu. Haitumiki."

Nilisema hivyo, dada. Haraka tu, huku nikimpokea mteja karatasi.

Mashine ikazimwa, ikawashwa. Ikawaka kabla Zainabu hajamaliza kufunga mkoba wake. Nilipiga makofi.

Asubuhi iliyofuata Deo akanipigia. Ulijua mwenyewe kwamba mimi na yeye hatukuwa watu wa kupigiana. Baada ya mazishi aliniambia, "Mama mdogo, mimi niko sawa," nikamwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi. Akaniuliza, "Mama mdogo, leo hujafungua duka?"

"Nimefungua tangu asubuhi, mwanangu. Kuna nini?"

Nilisikia watu wakipita nyuma yake.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Na mimi nikasema sawa, kwa kuwa mbele yangu alikuwa amesimama mzee na kitambulisho chake mkononi anataka nakala kivuli. Simu ikakatika. Nikasahau kumpigia. Siku hiyo nikasahau, na siku zilizofuata nikasahau.

Wiki haijaisha, naona kijana amesimama mlangoni na begi mgongoni, kakonda, shati limemning'inia. Nilimtazama kwanza kama mteja. Ni mtoto niliyembeba mgongoni nikiwa msichana, dada, na nilimtazama kama mteja. Halafu neno la kwanza lililonitoka ni, "Vipi, mmefunga chuo?"

"Hapana."

"Basi kaa kidogo, nimalizane na huyu mama."

Akakaa kwenye benchi. Nikamwacha akae mpaka nilipomaliza kurasa zote za yule mama, na kuzibana, na kumtafutia bahasha.

Tulipobaki wawili nikamuuliza kilichomleta. Aliongea akitazama kompyuta, siyo mimi. Akasema kila asubuhi kabla ya darasa alikuwa anafungua kompyuta yake kule bwenini, anasubiri. Nilipokuwa nafungua duka na kuwasha mashine, ile programu ilikuwa inajifungua yenyewe kwa jina lako, na kwake jina lako linawaka kijani. Mama yupo.

"Usidhani nimechanganyikiwa," akasema. "Msalaba wake niliubeba mimi. Nilikuwa najua ni wewe umewasha. Ila nilikuwa naona jina linawaka, ndipo naenda darasani. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya, maana hufungui."

Akasema alikuwa anakuandikia, maneno machache. Anakuamkia, anakuambia ameamka, anakwenda kwenye kipindi. Siku jina lilipokosa kuwaka alinipigia, nikamwambia nimefungua, akadhani umeme wa Babati umekatika. Siku ya pili akadhani nimeugua. Baada ya hapo akaacha kwenda darasani. Hakula vizuri. Mwisho akapanda basi.

Nilirukia kompyuta, nikabonyeza vile vitufe vitatu, nikatafuta jina la ile programu, nikairuhusu ijiwashe, nikazima na kuwasha upya. Nilitaka kurudisha nilichoharibu, haraka, kabla hajanitazama.

Mashine ikawaka. Simu ya Deo, ambayo nayo ina ile programu, ikalia mfukoni, na yeye akaitoa, akaiangalia. Jina lako kijani. Halafu akainua macho akaniona mimi, nimekaa kwenye kiti chako, nimeshika mausi yako. Sijui nikwambieje uso wake ulivyokuwa. Siwezi kuusahau.

Ile programu nayo, badala ya kujificha kule pembeni, ikafunguka kwenye kioo, kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu, na jina lake lilikuwa juu kabisa na jumbe zake ambazo hakuna aliyezisoma. Akaweka kiganja chake kwenye kioo. "Usisome, mama mdogo."

Sikusoma. Hata leo sijasoma. Ni zenu.

Nikamuuliza swali la kijinga, kwa sababu nilitaka angalau sehemu ya kosa iwe ya kwake. "Kwa nini hukunipigia mimi, mwanangu? Mimi si nipo?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nilikupigia, mama mdogo. Baada ya mazishi nilikupigia. Ukasema uko na mteja. Nikapiga tena, ukasema uko na mteja."

"Hata mama yako alikuwa na wateja."

"Ndiyo. Lakini yeye alikuwa anasema subiri kidogo, halafu anapiga."

Dada, ndipo nilipojua kosa langu ni lipi. Si kuzima ile programu. Duka lisingeweza kuendelea vile, na wewe mwenyewe ungekuja kuizima siku moja. Kosa ni kwamba mtoto alikuwa anaamkia mashine miezi yote ile kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwitikia, na mtu huyo nilitakiwa kuwa mimi. Nilikuwa nawasha kompyuta kila asubuhi. Kidole changu ndicho kilichokuwa kinamwambia mama yupo, na mdomo wangu haujawahi kumwambia mama mdogo yupo.

Nilifunga duka saa sita mchana, watu wakinitazama. Tukaenda nyumbani Nakwa. Nilipika ugali na mlenda kama ulivyokuwa unampikia, nikazidisha chumvi, akala vyote. Kisha akaenda kukaa kaburini kwako. Nilikuwa namwona kutoka jikoni, anang'oa majani yaliyoota pembeni. Hayo majani nayo ni kosa langu, nilikuwa napita hapo kila siku. Nikaenda nikapiga magoti upande wa pili, tukang'oa wote. Baadaye akaniuliza kama siku ile ulipoanguka ulisema neno. Nikamweleza yote niliyoyaona, polepole, hata ile sehemu uliyosema viatu vyake vya shule vianuliwe mvua inakuja, wakati viatu hivyo alishaviacha miaka mingi. Akacheka, halafu akalia, nami nikamshika. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika tangu mazishi.

Amekaa nami siku kadhaa. Alinisaidia dukani. Wateja wako wa zamani walimjua, walimwita "wewe Deo wa Mama Deo," na akakaa nao kwenye benchi akiwasikiliza kuliko mimi ninavyowasikiliza.

Asubuhi ya kuondoka nikamuuliza tufanye nini na ile programu. Safari hii niliuliza. Nikamwambia nitaiacha ijiwashe hata miaka kumi akitaka, mashine ichelewe itakavyochelewa. Alifikiri sana. Kisha akaja kwenye kiti, nikampisha, akafungua lile dirisha mwenyewe. Akaitafuta. Akakaa na mausi mkononi mpaka nikataka kumwambia aache.

"Nikiiona inawaka sasa nitakuwa nakuona wewe," akasema. "Siyo vibaya. Lakini siyo yeye."

Akaizima.

"Haifutiki," nikamwambia. "Ipo humo ndani."

"Najua." Akasimama, akavaa begi. "Asubuhi unipigie wewe. Hata dakika moja."

Nilimpigia leo asubuhi, dada. Simu ya kwanza baada ya yeye kufika. Karibu niharibu tena. Nilikuta watu wawili mlangoni wananisubiri, mmoja ana haraka ya basi la Dodoma, nikajikuta nimeshashika funguo na simu ipo kwenye pochi. Nikasimama. Nikawaambia, "Samahanini, naongea na mwanangu kwanza." Yule wa basi alinuna. Nikaenda nyuma ya duka, nikapiga. Tuliongea habari za mvua tu na kama amekula. Sikujua niseme nini kingine. Yeye pia hakujua. Lakini hakukata simu haraka, na mimi sikukata.

Sikuombi unisamehe leo. Nisamehe pole pole, nikishastahili. Wewe hukuwa mtu wa kuweka kinyongo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana najua ungesema "basi, Vero, yameisha," nami nisingebadilika.

Basi nakuahidi hili, na nalisema huku nimeweka mkono kwenye meza yako. Sitajaribu kuwa wewe kwake, siwezi, na yeye hataki. Nitakuwa mama yake mdogo. Nitampigia asubuhi kabla sijageuza funguo, Jumapili pia, Jumapili hasa. Akisema yuko sawa nitauliza mara ya pili. Siku atakayovaa joho nitakuwa Mbeya, nitapiga vigelegele kwa sauti yangu hii mbaya unayoijua, mpaka aone aibu mbele ya wenzake.

Kwaheri, dada yangu. Mungu akuweke karibu naye. Kesho Deo ana mtihani wa kwanza, ameniambia anauogopa. Wewe lala. Nitamwamsha mimi.

Mdogo wako,
Vero